Habari Zinazoishia Kwapani

Naliaka,

Naandika nikiwa na hasira, na sitajifanya imeisha kwa sababu tu kesho unasafiri. Kuna wazazi wangengoja ipoe kwanza ndipo washike kalamu. Mimi nikingoja ipoe utakuwa umeshafika Nairobi, na huko utapata watu wengi wa kukuambia maneno yaliyopoa.

Umeenda kuaga wanakwaya wenzako. Mimi mvua imenifungia hapa kibandani. Stima zimepotea, mashine za majirani zimenyamaza. Yangu ya kukanyaga kwa mguu ingeweza kuendelea, lakini mguu hautaki. Mbele yangu, kwenye meza ya kukatia, kuna lile gauni lako la kijani. Halina mikono. Liko vile vile ulivyoliacha jana, nyuzi zinaning'inia kwapani.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri, ya kutomwamini kila anayejiita mtu wa nyumbani, sitayaandika. Hayo umeambiwa na kanisa zima, hata na wale ambao hawajawahi kuvuka Nakuru. Mimi nataka tuongee juu ya mikono.

Jana nilifika nikakukuta umeinama juu ya gauni, wembe kidoleni, unafumua. Nilidhani umeona mahali mshono umevuta. Nikakuuliza, "Umevuta wapi?" Hukuinua kichwa.

"Haujavuta mahali, Mum."

"Sasa unafumua nini?"

"Mikono."

Mama Chebet alikuwa kwenye stuli akingoja sketi yake ipigwe pasi. Aliacha kutafuna karanga. Mimi nikauliza kwa nini, kwa sauti ya chini, sauti ambayo wewe unaijua na ungepaswa kuiogopa.

"Hii mikono inanichomea picha, Mum."

Mama Chebet akacheka. "Picha gani tena, Naliaka? Kuna mtu anapiga picha hapa?" Alijua ulimaanisha nini. Hata mimi najua. Siku hizi mtu akiaibishwa na kitu mbele ya wenzake mnasema kimemchomea picha. Lakini mimi nilitaka uniambie mwenyewe ni picha gani hiyo, na nani aliichora hata iwe inaungua kwa kazi ya mikono yangu.

Ndipo ukatoa simu ukanionyesha. Mwanamke amesimama mtoni. Kifuani amejifunga kitambaa, mabega wazi. Mikono yake ni mirefu kupita mikono ya binadamu, ya rangi ya maji, inateremka mpaka inaingia mtoni na hujui inaishia wapi. Ukasema siku walipokuhoji kwenye kile chuo cha kubuni nguo ulipeleka gauni hili, na mwalimu mmoja akaisifu mikono, akakuuliza wazo lilitoka wapi. Ukajibu kwa fahari kwamba mama yako aliitoa kwa mchoro aliousoma gazetini. Akataka kujua mchoro gani. Ukamweleza. Akautafuta kwa simu yake pale pale, akawaonyesha wenzake wawili, wote wakacheka.

"Si mikono ya nguo, Mum. Ni mikono ya mtu! Hii!" Ukajipiga begani. "Miaka yote hii unawaambia watu umetoa hii staili kwa mchoro. Huo mchoro hauna nguo yenye mikono! Ulisoma vibaya. Ulisoma vibaya, na mimi ndiye nimechekewa."

Mimi nilikuambia ufagie nyuzi. Sikusema lingine. Ulidhani nimenyamaza kwa sababu nimegundua jana.

Nilijua, Naliaka. Nilijua wewe ukiwa bado hujaota meno.

Hebu kaa chini usome pole pole, kwa sababu hili ulikuwa unalijua juu juu tu. Nilikulia Moi's Bridge, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mahindi. Babu yako alitoka Bungoma kuja kuvuna msimu mmoja, msimu haukuisha. Nilifika kidato cha pili. Ulipoanza kuonekana tumboni, shule ikafunga mlango. Baba yako alikuwa mpakiaji wa magunia. Alienda Turbo na lori la mahindi, akasema anarudi nalo. Lori lilirudi.

Nikaja Eldoret nawe mgongoni, nikapokewa na Mama Sifa kujifunza ushonaji. Ulikuwa mdogo ukamsahau, lakini yeye ndiye alikuwa akikushika nikienda msalani, huku akikuambia mama yako ni mvivu. Alikuwa fundi kweli. Karatasi zake zote za kukatia alizichora kwenye magazeti ya zamani, yale yanayouzwa kwa kilo kwa wenye bucha. Karatasi ya mbele, ya mgongo, ya mkono, ya kola, zote zimetundikwa kwa misumari ukutani. Akinituma nilete karatasi ya mgongo, nilichelewa kurudi.

"Nanjala! Huo mgongo umeota miguu?"

"Nakuja, Mama."

"Unasoma tena. Gazeti hapa ni la kukatia, si la kusoma. Wa kusoma wako ofisini!"

Sentensi hiyo nimeibeba mpaka leo, na kila nikiikumbuka damu inachemka. Maana hakuwa anasema mimi si mwerevu. Alikuwa anasema kuna watu ambao karatasi inawafikia ikiwa na maneno, na kuna wengine inawafikia ikiwa karatasi tu.

Nilisoma hivyo hivyo. Siasa niliziacha, zilikuwa zimeshaoza. Bei za mahindi zilikuwa za mwaka mwingine. Lakini zile kurasa za sanaa za Jumamosi hazikuwa zinaoza. Mtu akieleza jinsi mchezo wa jukwaani ulivyomliza, kilio chake ukikisoma baada ya mwaka bado kina maji. Nilizisoma kwenye mgongo wa mtu, kwenye kiuno cha mtu. Na kwa kuwa mkasi haujui kusoma, habari zilikatika popote, na mara nyingi ziliishia kwapani. Uko na mwimbaji, anapanda jukwaani, watu wanatulia, anafungua mdomo, kwisha. Umefika kwapa. Nilikuwa naudhika hadi natamani kulia. Halafu nikaanza kumalizia mwenyewe kichwani, nikipiga pasi, nikikunyonyesha, nikitoa nyuzi kwenye kaptura za watoto wa shule. Nikampa yule mwimbaji wimbo. Nikampa na nguo.

Ule mchoro niliukuta kwenye karatasi ya mbele ya blauzi. Picha yenyewe haikuwepo, ilikuwa imeenda na shimo la shingo. Yalibaki maneno ya mwandishi aliyekuwa ameenda kutazama maonyesho. Alisema mikono ya yule mwanamke inamiminika kutoka mabegani, inapita magoti, haina pindo, hata hujui kama mwanamke ameingia mtoni au mto ndio umemvaa.

Sasa niambie wewe, mtoto wa fundi. Mtu anayeshinda akiambiwa mkono huu unabana, mkono huu mfupi, lete mkono wa kushoto, akikuta mikono isiyo na pindo na mto unaovaliwa, atafikiria ngozi?

Nilikata ule mkono wa blauzi kwa satini iliyobaki kwa nguo ya mtu. Kitambaa nilikilaza mshazari ili kianguke chenyewe. Begani nikaukaza, chini ya kiwiko nikauachilia, na mwisho wake nikaukata bila kufuata mstari, jicho lisipate mahali pa kusimama. Mama Sifa aliuinua kwa vidole viwili. "Hii nayo ni nguo ama ni pazia?" Lakini mteja mmoja aliivaa ile blauzi kwa mzaha. Akainua mkono kujitazama kwenye kioo, kisha akauteremsha. Akauinua tena, akauteremsha pole pole. Mzaha ulimtoka usoni. Aliondoka nayo.

Nilikimbia kumwambia Baba Akinyi, ambaye tayari alikuwa anauza magazeti pale kona, na kwake ndiko tulikokuwa tukichukua yale yaliyozeeka. Unamjua, hauzi gazeti kabla hajalisoma lote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika nguzo.

"Nanjala! Hiyo mikono ni ya nyama! Ya nyama na mifupa! Picha niliiona kwa macho yangu, huyo mama yuko mabega wazi."

"Mwandishi amesema haina pindo."

"Hiyo ni kusema tu! Mwandishi kazi yake si ni kusema?"

Akanitania kwa miezi. Nikipita asubuhi ananiuliza kama leo nimevaa mto au nimeuacha ukikauka. Wote waliosimama hapo kusoma vichwa vya habari bila kununua walicheka pamoja naye. Kwa hivyo kuchekewa ninakujua, mama. Wewe umechekewa na walimu watatu ndani ya chumba. Mimi nilichekewa na kona nzima.

Na unajua nilifanya nini? Nilienda nikafumua. Ndiyo, hata mimi. Nilishona blauzi nyingine ya mikono ile, nikafumua mkono mmoja, nikaivaa. Upande mmoja mkono wangu mtupu, kama wa mchoro. Upande mwingine ile satini. Nikasimama mbele ya kioo cha Mama Sifa, wewe mgongoni unalia. Nikautazama mkono wangu wa nyama. Ulikuwa mwembamba, una kovu la pasi, umekakamaa kwa kufua nguo za watu. Haukuwa unamiminika popote. Mchoraji aliweza kuufanya mkono wa nyama uwe maji kwa sababu ana rangi. Mimi sina rangi. Mimi nina kitambaa. Nikitaka mkono wa mwanamke anayefua na kubeba uteremke kama mto, lazima niushonee mto.

Nikaurudisha ule mkono. Tangu siku hiyo, kila mkono niliokata niliukata nikijua.

Kwa hivyo usiniambie nilisoma vibaya. Nilisoma vibaya siku moja. Siku zingine zote nilikuwa nashona.

Hao waliokucheka nimewakasirikia, lakini siwajui, na hasira kwa mtu usiyemjua haina mahali pa kukaa. Halafu walikuchekea wakakupa nafasi. Hilo umelisahau kabisa kwenye aibu yako. Pengine walicheka kwa dharau. Pengine walicheka kama Baba Akinyi, mtu aliyefurahishwa na kitu hadi akashika nguzo. Mimi sikuwepo. Lakini hata wewe uliyekuwepo hujui, kwa sababu uliangalia midomo yao, hukuangalia macho yao yalikuwa wapi. Yule wa kwanza aliisifu mikono kabla hajajua chochote. Ulimsikia akisema baadaye si mizuri tena?

Nitakuambia aibu yenyewe, ile ya kweli, ili usiichanganye na hii yako.

Nilipopata kibanda changu kichwa kilivimba. Mikono yangu ilikuwa imenipa jina, watu wanatoka hadi mji mdogo wa Ziwa siku ya soko kuniulizia. Nikaanza kununua gazeti jipya la Jumamosi, la kunukia wino. Na kwa kuwa sasa nilikuwa na gazeti zima, lisilokatwa, nilienda moja kwa moja kwa picha. Maneno niliyaruka. Niliona maneno ni ya wakati wa shida.

Ikaja harusi, Ziwa huko huko. Nikapewa nguo za wasichana wa kumsindikiza bibi harusi. Gazetini kulikuwa na picha ya maonyesho ya mitindo, gauni la zambarau lenye ua kubwa kiunoni. Nililinakili lote, mshono kwa mshono, hadi upande ua lilipoinamia. Nilijiona hodari. Tulipoingia kanisani, kwaya ya upande wa bwana harusi ikasimama kuimba. Zambarau. Ua kiunoni. Limeinama upande ule ule. Fundi wao wa Kitale alikuwa amenunua gazeti lile lile.

Shangazi ya bibi harusi alinigeukia katikati ya wimbo, hata hakushusha sauti. "Fundi, sisi tulikuomba gauni, wewe ukatushonea yunifomu?"

Watu walicheka hadi mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Wewe ulikuwa mdogo, ulikula keki ukalala. Mimi nilirudi nyumbani nimejifunika leso kichwani kama mtu aliyefiwa. Na hakuna aliyesema nimesoma vibaya, Naliaka. Nilikuwa nimesoma sawa kabisa, mpaka ua. Ndiyo maana hapakuwa na chochote cha kujitetea nacho. Kazi nzima haikuwa na hata kipande kimoja nilichokipata mimi.

Tangu hapo nikifungua ukurasa ule nafunika picha kwa kiganja. Umeniona nikifanya hivyo tangu utoto wako, ukadhani ni macho yanauma. Nasoma kwanza. Mwandishi mmoja aliandika juu ya mwigizaji aliyeingia jukwaani kinyumenyume, akaigiza karibu mchezo wote amewapa watu mgongo, na bado wakalia. Nikafikiria kanisani. Anayeitazama nguo yako muda mrefu kuliko wote ni yule aliyekaa nyuma yako, na sisi mafundi tunamaliza urembo wote kifuani, huko nyuma tunamwachia zipu. Zile gauni zangu za vifungo vya mgongoni zilitoka hapo. Mwingine alisifu wimbo, akasema mahali patamu kuliko pote ni pale ngoma zinaponyamaza. Nikachukua kitenge chenye fujo ya maua, nikaweka utepe mweusi mtupu katikati. Mama Chebet alisema nimeishiwa na kitambaa. Sasa ana tatu.

Hakuna hata mmoja wa waandishi hao aliyekuwa anaandikia fundi wa Eldoret. Hilo nalo linanikasirisha, usidhani nimesahau. Sisi wakituandika ni mbio na mahindi. Akishinda mkimbiaji wanakuja, mvua ikikataa wanakuja. Hakuna aliyewahi kuja kusimama nje ya kanisa Jumapili aandike jinsi wanawake wa hapa wanavyovaa, na wallahi pana kitu cha kuandika. Lakini wasiponiandikia, siwezi kukaa nikingoja ruhusa. Nachukua walichoandikiana wao kwa wao, nakipeleka nyumbani, nakikata kwa saizi yangu.

Sasa nirudi kwenye meza hii, kwa sababu bado sijakuambia kilichonikasirisha zaidi.

Si kufumua. Gauni ulikata wewe, mwili wote ni wako, na ni mzuri, nilikuambia na narudia. Mikono ndiyo nilishona mimi. Ungesema, "Mum, hili ni gauni langu na mikono nataka iwe yangu," ningenuna, ningepiga vyombo jikoni, lakini ningekupa uzi. Hata ungesema umeutazama ule mchoro ukaona mabega yawe wazi kama yule mwanamke, ningekaa kimya nikutazame ukimaliza. Ningekuwa na wivu kidogo.

Lakini nimeona chaki. Ulipoondoka niliinua kile kipande cha kijani kilichobaki, nikakuta umeshachora mkono mwingine. Ule uliofura begani, wenye mikunjo mitano na kishikizo cha dhahabu. Naujua. Ulikuwa kwenye ukurasa wa mitindo wiki mbili zilizopita, tuliutazama pamoja. Umeuhesabu hadi mikunjo. Umeng'oa kitu kilichochekewa ili uweke kitu ambacho hakuna atakayecheka, kwa sababu kila mtu amekwisha kukiona. Wamesema kila mwanafunzi aende siku ya kwanza na kazi moja ya mkono wake, na wewe unataka kuingia na ua la zambarau.

Hapo ndipo nimechemka. Unatoka nyumbani kwangu kwenda kujifunza kubuni nguo, na jambo la kwanza umefanya ni kuogopa.

Sikukuzaa nikiwa kidato cha pili ili uwe mwoga wa vicheko. Samahani kwa kuliandika hivyo. Lakini halifutiki, niliandika kwa kalamu.

Asubuhi nilipita kwa Baba Akinyi. Mama Chebet alikuwa ameshamfikia, bila shaka. Hata salamu hakumaliza. "Nasikia imegunduliwa," akasema, "ni ya nyama!" Akacheka, lakini si kama zamani, siku hizi akicheka anakohoa. Akaniuliza unaenda lini. Nikasema kesho. Akanipa gazeti la Jumamosi iliyopita, alikuwa ameniwekea.

Nikamwambia fungua ukurasa wa sanaa, ukate picha uiweke. Nikampa mkasi wangu, huu wa kitambaa ambao nyinyi nyote siwaruhusu kukatia karatasi, nikageuza uso nikatazama barabara.

"Nanjala, una wazimu?"

"Kata."

"Mimi nimeshaiona. Nikuambie ni nini?"

"Ukisema hata neno moja sitakushonea koti la Krismasi."

Amekata. Picha iko kwake, ameificha mahali anajua mwenyewe. Ukurasa uko ndani ya barua hii, una shimo. Mimi nimesoma mara mbili. Ni mwandishi aliyeenda kutazama sanamu ya mwanamke aliyebeba kitu kichwani, ila hicho kitu hakipo, mchongaji hakukichonga. Mwandishi anasema mabega yake pekee ndiyo yanajua uzito. Sitakuambia nimeona nini. Tayari nimechora.

Wewe soma na uone chako. Usitafute kwa simu. Najua unaweza, kidole kimoja tu, na mimi sitakuwa hapo. Nakuomba usitafute. Na pia nakukataza, kwa sababu bado mimi ni mama yako. Ukija Desemba kila mmoja wetu atakuwa ameshona mikono yake kutokana na ukurasa huu, tutaenda kwa Baba Akinyi atoe picha. Tukikuta wote wawili tumesoma vibaya, atatucheka hadi ile nguzo ing'oke. Tutamwacha acheke, tutamshikia kikombe chake cha chai.

Gauni nimelipiga pasi ya makaa. Nyuzi nimezitoa, na makwapa yote mawili nimeyazungushia mshono mwepesi yasichanike safarini. Huo mshono utaufumua wewe, ni wa kupita tu. Mikono yangu sikuirudisha. Nimebaki nayo hapa msumarini, ina wateja. Kipande cha kijani nimekikunja begini. Chaki yako nimeipangusa.

Siku ya kwanza lipeleke hivyo hivyo, mabega wazi. Wakikuuliza mikono iko wapi, waambie bado unaisoma.

Ni mimi, niliyekasirika,
Mama